Sura ya Sita: Kufuata na Kupinga

Mji wa Nyeri umekaa karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hushuka, yakatanda siku nzima, na usiku wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzijoto 12. Nanyuki iko juu zaidi, na ingawa mstari wa ikweta unapita hapo hapo, asubuhi zake huuma vidole. Huko Chinga na Iria-ini wachumaji wa majani chai huingia shambani umande ukiwa bado haujakauka. Katika nchi ya namna hii, mtu akishika sweta huuliza kwanza kama ina joto, kisha ndipo aangalie rangi.

Hapo ndipo mitindo yenye vinundu inapopata heshima yake. Kitambaa chenye miinuko na mabonde hushika hewa nyingi kuliko kitambaa laini kilichofumwa kwa uzi uleule, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili kutoroka. Urembo wake umetokana na kazi yake. Katika sura zilizopita umejifunza kuanzisha vitanzi, kufuma pleni, kufuma pali na kufunga ukingo. Sasa tunaingia katika mtindo wa kikapu, ambao unahitaji mambo hayo manne tu na hauongezi la tano. Unachoongeza ni namna ya kutazama, na ukishaipata, utaweza kufuma mitindo mingi ambayo hakuna mtu aliyekuandikia.

Kitanzi kimoja, nyuso mbili

Chukua sweta yoyote ya shule, zile za rangi moja zinazofumwa kwa mashine katika vyumba vidogo vya Karatina na Nyeri mjini. Tazama upande wa nje. Utaona alama za V zimepangana moja juu ya nyingine, kila V ikiwa kitanzi kimoja. Sasa igeuze. Upande wa ndani hauna V hata moja. Kuna vinundu vidogo vilivyolala, mstari juu ya mstari. Vitanzi ni vilevile. Umebadilisha tu upande unaoutazama.

Sababu iko mkononi. Unapofuma pleni, uzi uko nyuma ya sindano. Sindano ya kulia inaingia katika kitanzi kutoka mbele, inashika uzi na kuuvuta uje upande wako. Unapofuma pali, uzi uko mbele, na sindano inausukuma upite katika kitanzi kwenda upande wa pili. Tofauti yote ni huo upande ambao kitanzi kipya kinatokezea. Ndiyo maana pleni ikitazamwa kwa nyuma ni pali, na pali ikitazamwa kwa nyuma ni pleni. Mfumaji anayegeuza kazi yake mwisho wa kila safu anakutana na nyuso hizi mbili kwa zamu, na mwanafunzi asipolielewa hilo atabaki mtumwa wa karatasi yenye maelekezo.

Maneno mawili yanayotosha

Ukikaa siku ya soko karibu na mama anayeuza mboga huku akifuma, na pembeni yake mjukuu anajifunza, utasikia mazungumzo ya namna hii:

“Shosho, hii safu nianze na pleni ama pali?”

“Kwani hapo kwa sindano unaona nini?”

“Naona V.”

“Basi fanya pleni. Ukiona kinundu, fanya pali. Usihesabu sana, angalia.”

Bibi huyo amefundisha nusu ya somo lote la vinundu. Ufumaji wa pleni na pali una amri mbili tu. Ya kwanza ni kufuata: unapoona V mbele yako, fuma pleni, unapoona kinundu, fuma pali. Ya pili ni kupinga: unapoona V, fuma pali, unapoona kinundu, fuma pleni.

Pima amri hizo kwa mitindo unayoijua. Ribu, ule ukanda unaovutika wa kiunoni na wa mikononi, ni kufuata daima: V hukaa juu ya V, vinundu juu ya vinundu, na nguzo husimama wima. Mtindo wa mbegu, ambao huanzishwa kwa idadi witiri ya vitanzi na kila safu ikaenda pleni moja, pali moja hadi mwisho, ni kupinga daima: kila V inakaliwa na kinundu, na kitambaa chote kinajaa punje. Sehemu laini ya sweta ya shule ni kufuata daima. Kitambaa cha pleni tupu, kile ambacho kila mtu huanza nacho, ni kupinga daima, kwa sababu kila ukigeuza unakutana na vinundu nawe unavifumia pleni.

Mitindo minne inayoonekana tofauti kabisa imetoka katika maneno mawili. Mtindo wa kikapu unayatumia yote mawili kwa zamu.

Mtindo wa kikapu, safu kwa safu

Kwa kipande cha kwanza tumia sindano za milimita 4. Ukikuta dukani sindano za hesabu ya zamani ya Waingereza, hiyo ni namba 8. Kumbuka kwamba katika hesabu hiyo namba ikipanda unene hupungua, kwa hiyo namba 10 ni nyembamba zaidi, milimita 3.25. Chagua uzi wa unene wa kati, wa rangi nyepesi. Rangi nyeusi na buluu iliyokolea huficha vitanzi, na hapa tunataka vionekane.

Anzisha vitanzi 48. Idadi yoyote inayogawanyika kwa 8 inafaa, lakini 48 itakupa upana wa sentimita 22 hivi, unaotosha skafu ya mtu mzima.

Safu ya 1: pleni 4, pali 4, endelea hivyo hadi mwisho wa sindano.

Safu ya 2, ya 3 na ya 4: vivyo hivyo, pleni 4, pali 4.

Safu ya 5: pali 4, pleni 4, hadi mwisho.

Safu ya 6, ya 7 na ya 8: vivyo hivyo, pali 4, pleni 4.

Baada ya safu ya 8, rudi safu ya 1.

Sasa yasome maelekezo hayo tena kwa macho mapya. Katika safu ya 2, ya 3 na ya 4, kila penye V unafuma pleni na kila penye kinundu unafuma pali. Unafuata. Ukifika safu ya 5 unapinga mara moja, kutoka kitanzi cha kwanza hadi cha mwisho. Kisha unafuata tena safu tatu. Mtindo wote ni huo: fuata safu tatu, pinga moja. Ukiitwa jikoni katikati ya safu, ukirudi huhitaji kukumbuka ulikuwa umefika wapi. Tazama miraba iliyo chini ya sindano, hesabu urefu wa mraba wa mwisho, na kitambaa kitakuambia kama ni wakati wa kufuata au wa kupinga.

Ukifuma kama sentimita 10, shika rula. Kwa uzi huo na sindano hizo, wafumaji wengi hupata vitanzi 22 kwa upana wa sentimita 10 na safu 28 kwa urefu wake. Kitanzi ni kipana kuliko urefu wake. Kwa hiyo vitanzi 4 ni karibu sentimita 1.8, lakini safu 4 ni sentimita 1.4 tu, na mraba wako utaonekana umebonyea. Ukitaka mraba wa kweli, fuma safu 5: fuata safu nne, pinga moja. Maelekezo ya kuandikwa yangerefuka kufikia safu 10 na mwanafunzi angeogopa. Anayesoma kitambaa haoni tofauti, kwa sababu kupinga hufanya kazi sawasawa upande wowote uliogeukia.

Kwa nini kitambaa huinuka

Fuma kipande cha pleni na pali kwa zamu ya safu, kile laini cha sweta ya shule, kisha kiweke mezani. Hakitulii. Kingo za pembeni hujikunja kwenda nyuma, na kingo za juu na chini hujikunja kuja mbele. Kila kitanzi kimepindwa kwa nguvu, na uzi unajaribu kujinyoosha. Kwa kuwa vitanzi vyote vimetokezea upande mmoja, nguvu zao zinajumlika na kitambaa kinaviringika.

Katika mtindo wa kikapu, mraba wa pleni unataka kujikunja upande huu, na jirani yake wa pali unataka kujikunja upande ule. Wanavutana. Kwa jumla nguvu zinasawazishana, ndiyo maana skafu ya mtindo huu hulala tambarare bila kuhitaji ukingo wa kuizuia. Lakini pale miraba inapokutana mvutano unabaki. Kwenye mpaka wa kusimama, pleni husogea mbele na pali hurudi ndani. Kwenye mpaka wa kulala, pali hutokeza na pleni huzama. Jicho likiona kila mraba ukiinuka kwa pande mbili na kuzama kwa mbili, linasoma vipande vinavyopita juu na chini ya vingine, yaani kikapu kilichosukwa, ingawa uzi ni mmoja na hakuna kilichopita chini ya kingine.

Mabonde hayo ndiyo yanayoshika hewa, na yana gharama yake. Kitambaa cha vinundu hula uzi mwingi kuliko kitambaa laini cha upana uleule. Unapopanga sweta ya mtindo huu, usinunue uzi kwa kipimo cha sweta laini. Nunua madonge yote siku moja, na ukague karatasi zake zote ziwe na namba moja ya rangi, kwa maana nyuzi zilizotiwa rangi katika matangi mawili hazifanani hata rangi zikiitwa jina moja. Mwanga ukipiga juu ya vinundu, tofauti hiyo huonekana mara moja.

Mikono iliyotangulia

Wanawake wa nchi hii ya mlima walikuwa mabingwa wa nyuzi kabla ya sindano za kufumia kufika. Kiondo cha kale kilisukwa kwa nyuzi za gome la mugio, kichaka cha nyumbani, na baadaye kwa katani. Msukaji wa kiondo huanza chini, huzunguka na kupanda, na hesabu ya nyuzi zake hukaa vidoleni hata anapotembea njiani. Sindano mbili zilipokuja, zilikuta vidole vilivyokwisha kuzoea kuhesabu.

Zilikuja kwa njia ya misheni, Waskoti wa Tumutumu karibu na Karatina na Wakonsolata wa Mathari pale Nyeri, na baadaye kwa mkono wa serikali. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, mwaka uleule ambao Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba. Madarasa yake yalifundisha upishi, usafi, ushonaji na ufumaji, katika miaka ambayo watu wa Nyeri walikuwa wakihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Ukoloni ulitaka wanawake watulizwe. Wanawake walichukua ujuzi na kuutumia kwa mambo yao: kuvika watoto, kulipa karo, kujaza mifuko ya vikundi. Ni haki kuikumbuka historia hiyo yote tunaposhika sindano, kwa sababu ujuzi tunaourithi kuna watu walioulipia.

Mwaka 1985 ulipoanza mfumo wa 8-4-4, ufumaji uliingia darasani pamoja na sayansikimu. Watoto wasiokuwa na pesa za sindano walinoa spoku za baiskeli, na spoku hizo zilifuma vizuri, ingawa vitanzi vyake vilikuwa vidogo na vya kubana. Wengi wanaofuma leo katika miji ya mlima walianzia hapo. Huko Nanyuki, mwaka 1977, chini ya Kanisa la Presbyterian, kulianzishwa karakana ya wanawake ya Nanyuki Spinners and Weavers, ambako sufu ya kondoo husafishwa, huchanwa, husokotwa kwa gurudumu na kutiwa rangi, kisha hufumwa mazulia. Mtu akitaka kuona uzi unavyozaliwa, hapo ndipo mahali.

Mbali na kwetu, mtindo wenyewe una safari ndefu. Soksi za kale zilizochimbuliwa Misri zilifumwa kwa kuzunguka, na uso wake ni laini. Soksi za Eleonora di Toledo, mke wa mtawala wa Florence, aliyezikwa nazo mwaka 1562, zina pali zilizopangwa makusudi ili kutia urembo, na ni miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa pali tulio nao. Huko London imehifadhiwa fulana ya hariri inayosemekana ilivaliwa na Mfalme Charles I siku aliyokatwa kichwa, mwaka 1649. Urembo wake wote ni pleni na pali za rangi moja. Wavuvi wa pwani za Uskoti na Uingereza walivaa sweta za miraba na ngazi za vinundu baharini. Fundi wa mfalme, mke wa mvuvi na mama wa Karatina wametumia amri zilezile mbili.

Uzi wa kuchagua

Uzi mwingi madukani ni wa akriliki. Ni wa bei nafuu, haufifii haraka na unafulika kwa urahisi. Kwa kujifunza unatosha kabisa. Lakini una sharti moja ambalo kila mfumaji wa vinundu ni lazima alijue: usipige pasi. Akriliki ni plastiki. Joto la pasi huilegeza, miraba inalala, na hairudi tena hata ukiifua. Kazi ya mwezi mzima inaweza kupotea kwa dakika moja, kitambaa kikabaki chembamba na kinachoning'inia. Lowesha kwa maji ya kawaida, kamua ndani ya taulo, tandaza kwa mkono na uache kikauke.

Sufu ina tabia nyingine. Unywele wa kondoo una mawimbi yake ya asili, hivyo uzi wake hunyumbuka na kurudi, na vinundu vyake husimama imara. Sufu hufyonza unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla ya mvaaji kuhisi kwamba imelowa, sifa yenye thamani kubwa asubuhi ya ukungu wa Othaya. Kondoo wa sufu kama Merino na Corriedale wanafugwa katika nyanda zetu za juu, kwa hiyo si mali ya kuagizwa lazima. Sufu iliyosokotwa kwa mkono huwa na sehemu nene na nyembamba. Kwa uzi wa namna hiyo, fuma miraba mikubwa ya vitanzi 6, maana ile ya 4 itamezwa na unene wa uzi.

Na kuna mitumba. Sweta ya sufu iliyotoboka kiwiko inaweza kufumuliwa ikakupa uzi mzuri kwa bei ndogo. Kagua mishono ya pembeni kwanza. Ikiwa imeshonwa kwa mashine iliyokata ukingo, iache, kwa sababu ukifumua utapata vipande vya urefu wa mkono mmoja. Ikiwa vipande vimeunganishwa ukingo kwa ukingo, uzi utatoka mrefu. Uoshe, uutundike na kitu kizito chini, na mawimbi yatanyooka.

Kosa likitokea

Makosa ya mtindo huu ni mawili, na yote yanajulikana kwa kutazama.

La kwanza ni vitanzi kuongezeka. Umeanza na 48, ghafla ni 49. Kila unapotoka pleni kwenda pali, uzi hupita kati ya sindano mbili kuja mbele. Unapotoka pali kwenda pleni, hurudi nyuma kwa njia ileile. Ukiupitisha juu ya sindano badala ya kati yake, unazaa kitanzi ambacho hakina mzazi safu ya chini, na tundu hubaki hapo. Hesabu vitanzi kila mwisho wa mraba. Ukikigundua kitanzi hicho katika safu inayofuata, kiachie tu kutoka sindanoni. Vitanzi vya pembeni vitameza uzi wake.

La pili ni kinundu kilichokaa mahali pa V, au V mahali pa kinundu. Usifumue kazi yote. Fuma hadi ufike juu ya kosa, achia kitanzi hicho kimoja, na kishushe kama ngazi mpaka safu yenye kosa. Chukua sindano ya kroshia, uipitishe ndani ya kitanzi, vuta uzi wa ngazi uje mbele kama unataka V, au geuza kitambaa na uvute upande wa pili kama unataka kinundu. Panda hivyo hadi juu. Siku utakapofanya hivi kwa utulivu, utakuwa umeshaelewa kitambaa.

Kazi ya wiki hii

Nunua daftari la hesabu lenye miraba, lile la watoto wa shule. Kila mraba wa karatasi ni kitanzi kimoja kama kinavyoonekana upande wa nje. Uache mweupe kwa V, utie nukta kwa kinundu. Chora mtindo wa kikapu wa vitanzi 4 kwa safu 5 na uufume kutoka kwenye mchoro wako. Kisha chora wako mwenyewe: ngazi, pembetatu, mistari ya bega la mlima, mpaka wa kiondo cha nyumbani kwenu. Fuma kipande cha sentimita 15 kabla ya kukihukumu, kwa sababu mvutano wa vinundu hauonekani katika safu chache za mwanzo. Ukiona sehemu inajikunja kuliko nyingine, pleni na pali zako hazijasawazika. Ongeza upande uliopungua.

Ujuzi huu ulifika hapa kama somo la kufuata tu, kwa maelekezo yaliyotungwa na watu wa mbali kwa ajili ya baridi ya kwao. Baridi ya Nyeri ina wenyewe, na wenyewe wana mikono na macho ya kutosha kuitungia sweta. Mchoro wako wa kwanza ukifumika ukalala sawa, mwoneshe mtu mmoja anayejua pleni na pali lakini bado anategemea karatasi, mfundishe amri mbili, na umwache atunge wa kwake.